Makatibu wa kikoba wanasahau mafunzo: tatizo si umri

Mkuu, umesema mliwafundisha makatibu wa vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, siku tatu mfululizo, wote wakaelewa, lakini wiki tatu baadaye hakuna aliyeweza kupiga hesabu ya mgawo, ile ya kugawana fedha mwisho wa mzunguko. Unauliza kama ni umri, na kama muwapime kwanza nani anajifunza kwa macho na nani kwa masikio.

La macho na masikio liache. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akiwemo Harold Pashler, walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Hata ile piramidi ya semina, eti tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma na asilimia 90 ya tunachotenda, Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani anayetajwa kuwa mwenyewe, anasingiziwa tu. Mchoro wake wa mwaka 1946, wenye umbo la koni, haikuwa na asilimia hata moja.

Umri nao si chanzo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa vijana wa chuo kifungu cha kusoma. Waliokirudia kukisoma waliongoza baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliokuwa wamejaribu kukumbuka bila kutazama walipata asilimia 56, wale wa kurudia kusoma 42. Makatibu wenu walikuwa kama hao wa kurudia kusoma. Mwezeshaji anakokotoa ubaoni, darasa linaitikia, na kila mtu anaondoka akiamini anajua. Kuifuata hesabu ya mwenzako ni kazi moja, kuianzisha mwenyewe ni nyingine kabisa.

Zivunjeni siku tatu ziwe vipindi sita vya saa mbili na nusu, kimoja kwa wiki, siku ileile ya kikao cha kikoba. Dakika 10 za mwanzo madaftari yafungwe, kila mtu aandike hatua za wiki iliyopita kwa kukumbuka, ndipo afungue ajisahihishe. Watanung'unika kwamba ni kugumu. Msiwape jibu mapema, maana ule ugumu ndio unaofundisha.

Tuseme hisa moja ni sh 2,000, wanachama 30, hisa zote 1,200. Mwisho wa mzunguko sandukuni mna 3,180,000, na humo 300,000 ni za mfuko wa jamii, ambazo hazimo kwenye mgawo. Ondoa hizo, zinabaki 2,880,000. Gawanya kwa 1,200, kila hisa inapata 2,400. Mwenye hisa 85 anaondoka na 204,000. Iandikeni hesabu hii kwenye karatasi nne. Ya kwanza iwe imekamilika, waieleze kwa maneno yao. Ya pili ikose mstari wa mwisho, ya tatu mistari miwili ya mwisho, ya nne iwe na tarakimu za mwanzo tu. Ukiwarusha kutoka ya kwanza hadi ya nne, wataanza kunakili kwa jirani.

Sasa hapa ndipo wawezeshaji wengi wanapoteleza. Tunaambiwa mtu mzima ana uzoefu, jenga juu yake. Kweli, lakini uzoefu huohuo hupotosha. Utamkuta katibu anagawa 2,880,000 kwa watu 30, kila mtu 96,000. Kugawanya anajua, anachofanya ni kufuata upatu, ambako wote huchangia sawa na hupokea sawa. Ukimwambia amekosea atarekebisha leo, wiki ijayo atarudi kulekule. Mwache amalize, kisha muulize: mwenye hisa 85 aliweka 170,000, mwenye hisa 20 aliweka 40,000, je, wote watapokea 96,000 na kikao kiishe salama? Atalikataa jibu lake mwenyewe, na hilo halisahauliki upesi. Kosa la kusahau kuondoa mfuko wa jamii ni la hatari zaidi, kwa sababu linaleta 2,650 kwa hisa, namba isiyomshtua mtu.

Kabla ya kumhukumu mtu kuwa ni mzito, angalia macho yake. Baada ya miaka 40 wengi huanza kushindwa kuona maandishi ya karibu. Anayesogeza karatasi mbali, au kila kipindi amesahau miwani, huenda haoni tarakimu. Chapeni herufi kubwa na mkae penye mwanga. Na msimsahihishe mama mbele ya mkwewe. Pita kwenye meza yake, onyesha mstari, ondoka.

Wiki nne baada ya kipindi cha mwisho wapeni hesabu ya kikoba kingine, bila daftari, chenye mkopo ambao haujarejeshwa. Atakayeuhesabu mkopo huo kama fedha iliyomo sandukuni, rudi naye peke yake kwenye karatasi ya tatu. Darasa zima halina haja ya kurudia.