Shifta fupi kwenye Subaru: ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, manyuali ya gia tano. Nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, mkono wa gia unasafiri mbali, tena unakuwa kama unatafuta njia. Nikitaka kulipita lori barabara ya Manyoni nachelewa. Rafiki yangu ananishauri niagize shifta fupi inayopunguza mwendo wa mkono kwa nusu. Fundi wa mtaani anasema ataukata huuhuu na kuuchomelea kwa bei nafuu. Nifuate lipi? Na kirungu kizito cha chuma, kile cha kushika juu ya mkono, kinasaidia? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usitume hela bado. Mkono mrefu hautafuti njia; unaotafuta njia ni mkono uliolegea, na ulegevu huo utaukuta palepale hata baada ya kufunga shifta mpya.

Kwenye Subaru hiyo mkono haukukaa juu ya giaboksi. Uko nyuma yake, na unafanya kazi kupitia fimbo ya chuma inayopita chini ya gari. Fimbo hiyo ina kiungo chenye bushi, yaani kipete kinachokaa kwenye tundu ili vyuma visichezecheze wala kusagana. Sambamba nayo ipo fimbo ya pili, inayokizuia kitako cha mkono kisichezecheze, nayo ina bushi yake ya mpira. Gari lako limevuka miaka 20 na linatembea kwenye vumbi letu hili. Bushi nyingi ninazozitoa hapa gereji Kizota zimekauka na kupasuka, tundu limelika upande mmoja, na ndani kumejaa udongo mwekundu ulioshikamana na grisi.

Pima hivi. Ingiza gari kwenye shimo la gereji, zima injini, vuta hendibreki, weka kabari kwenye matairi, kisha ingiza gia ya tatu. Mwenzako akae kwenye usukani autikise mkono taratibu, wewe uwe chini na tochi. Ukiona kiungo kinacheza kwanza ndipo fimbo ianze kwenda, ugonjwa umeupata. Badilisha bushi zote kwa pamoja. Kwa gari la kutembelea kila siku napendelea mpira mpya au poliyurethani (plastiki ngumu inayonyumbuka kama mpira). Za shaba na alumini zinabana zaidi, lakini zinakuletea mngurumo wa giaboksi mpaka kiganjani.

Na kama gia inakwaruza wakati wa kuingia, habari ya shifta iache kabisa. Angalia kwanza kama klachi inaachia yote, halafu oili ya giaboksi (75W-90 ya daraja la GL-5), halafu sinkro, zile pete za ndani ya giaboksi zinazosaidia gia kuingia laini.

Baada ya hapo endesha wiki mbili tatu. Wengi wanaishia hapo, wameridhika. Ukiona bado unataka mwendo mfupi, sasa tuzungumze.

Mkono wa gia unafanya kazi kama mpini wa pampu ya kisima: una sehemu ya juu unayoishika, egemeo katikati, na kipande cha chini kinachosukuma. Tuseme juu ni sentimita 20 na chini ni 5. Ili ncha ya chini isogee sentimita 2, kiganja chako kinasafiri 8. Shifta fupi inarefusha kile kipande cha chini. Kikiwa sentimita 6.5, kiganja kinasafiri kama 6.2 tu, lakini nguvu unayotumia inapanda kwa asilimia 30. Ndiyo maana hiyo ya kupunguza nusu siitaki kwenye gari lako: nusu ya mwendo ni nguvu mara mbili. Pete za sinkro zinahitaji muda mfupi kusawazisha mizunguko kabla gia haijaingia, na asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma, oili ikiwa bado nzito, utailazimisha gia ya pili kila siku. Tafuta inayopunguza kati ya robo na theluthi. Subaru wenyewe waliwahi kuuza shifta fupi kama nyongeza, na ukiipata nzima ndiyo ningeifunga kwanza.

Huyo wa kukata na kuchomelea mkatalie kwa heshima. Ni kweli kiganja kitasafiri kidogo, lakini kirungu kitashuka na kwenda mbali na usukani, na moto wa kuchomelea utaharibu mpira na plastiki za kwenye egemeo. Weldi ikiachia unaposhuka Sekenke, utabaki na kirungu mkononi.

Kabla ya kulipa, soma namba ya chesisi. Ikianza na GDA, hiyo ni WRX sedani. GDB ni STI, na giaboksi yake ya gia sita ina pete ya kuvuta juu ili uingize rivasi. Shifta ya huku haifungi kule. Muuzaji wa Kariakoo akikwambia inaingia zote, achana naye.

Siku ya kufunga, simama juu ya kazi. Gia zote ziingie mpaka mwisho, hasa ya tano na rivasi, na mkono usiguse plastiki za konsoli, ile inayouzunguka katikati ya viti. Usikubali fundi arudishe ngozi ya juu bila ile buti ya mpira ya ndani. Ikikosekana au ikichanika, vumbi lote la barabara litapandia hapo na kuingia kwenye egemeo jipya.

Kirungu kizito kinasaidia, na ni rahisi kuliko yote hayo: uzito wake unausukuma mkono umalizie safari, kwa hiyo gia inaingia laini. Chukua chenye hesi (nyuzi za kufungia) ya M12 kwa 1.25, yaani kipenyo cha milimita 12 na nafasi ya milimita 1.25 kati ya nyuzi. Ila kama gari linashinda juani kule Mtumba, chuma kitupu kitakuunguza saa tisa alasiri. Chagua kilichovikwa ngozi.