Shangazi, mbona nalilia gari namba 11?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, naishi Mooresville, North Carolina, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kwa muda mrefu nilikuwa kwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mpenzi mkubwa wa mbio za magari za NASCAR. Timu yake ilikuwa Joe Gibbs Racing, dereva wake Denny Hamlin, gari namba 11. Zamu yangu ilikuwa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ya mbio.*

*Mwanzoni nilisikia kelele tu. Mzee akanifundisha. Alikuwa akipanga chupa zake za dawa kwenye sinia ya chakula, chupa yenye kifuniko cheupe ndiyo gari letu, ananionyesha jinsi gari la nyuma linavyosaidiwa na upepo wa gari la mbele. Tukazoeana. Hatua ya kwanza ya mbio ikiisha, anakunywa vidonge. Ya pili ikiisha, namgeuza na kumpa supu.*

*Septemba 7 mwaka 2025 Hamlin alishinda karibu na St. Louis, ushindi wake wa 59. Mzee akasema anausubiri wa 60. Wiki hiyo hiyo akafariki. Siku ya tatu ofisi ikanipangia nyumba nyingine, na siku ya mazishi nilikuwa zamu. Ushindi wa 60 ulipopatikana Las Vegas, Oktoba 12, nilikuwa nimesimama kwenye korido ya nyumba ya watu nikichungulia simu. Fainali ya Phoenix, Novemba 2, niliomba ruhusa nikaiangalia nyumbani. Tuliposhindwa nililia mpaka mume wangu akatoka chumbani mbio, akidhani nimepigiwa simu ya msiba kutoka Muheza. Nilipomwambia ni gari, alicheka, halafu akakasirika. Anasema namlilia tajiri asiyejua kama nipo duniani. Habari za mzee sijamwambia, maana kazini tumekatazwa kuzungumzia watu tunaowahudumia.*

*Binti wa mzee alinipa kapelo ya baba yake ya namba 11. Nimeificha kabatini. Amenialika pia kwao Februari tuangalie mbio kubwa za Daytona 500, sijamjibu. Nafikiria kuacha zamu zote za Jumapili msimu ujao, na kuchukua pesa niliyoweka kwa ajili ya bati za nyumba ya mama ninunue tiketi ya kwenda kwenye fainali. Shangazi, nimechanganyikiwa?*

*Wa Namba 11, Mooresville*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba.

Naanza na pole kwa sababu nimeisoma barua yako mara ya kwanza na ya pili nikitafuta mahali ambapo mtu alikupa pole, sikupaona. Hujachanganyikiwa hata kidogo. Umefiwa, na hukupata nafasi ya kulia.

Fikiria ingekuwa kwenu Muheza. Mzee uliyemlisha, uliyemwogesha na kumgeuza kitandani akifa, hata kama si wa damu yako, ungekaa msibani. Turubai lingefungwa, wanawake wangekuwa jikoni, na kila anayeingia angekuuliza, ilikuwaje? Ungesimulia. Ungesimulia tena kwa aliyechelewa. Mpaka matanga yanaanuliwa, ungekuwa umeshalisema jambo lile mara nyingi kiasi cha kuweza kulibeba. Wewe siku ya tatu ulikuwa unatandika shuka za mtu mwingine. Hakuna aliyekuuliza kitu, kwa sababu kwenye makaratasi ya ofisi wewe hukuwa mfiwa.

Kilichobaki cha mzee, na ambacho kilikuwa bado kinaendelea, ni safari ya namba 11 kutafuta ubingwa. Kila Jumapili gari lile lilipobaki mashindanoni, Jumapili za mzee nazo zilikuwa hazijaisha. Ulikuwa na kitu cha kumwekea. Ndiyo maana ule ushindi wa 60 uliupokea wima koridoni, huku mwenye kuusubiri hayupo, na bado hukulia. Ulilia Novemba 2, safari ilipokatika.

Na ilikatika vibaya. Niwaeleze wasomaji ambao hawafuatilii, ili wanaomcheka dada huyu wajue wanacheka nini. Msimu wa NASCAR una mbio 36, kuanzia Februari hadi Novemba. Kwa utaratibu wa mwaka ule, mbio za mwisho waliingia madereva 4 wanaowania ubingwa, na kati yao atakayemaliza mbele ya wenzake ndiye bingwa, hata kama mbio zenyewe zimeshindwa na mtu mwingine. Hamlin alikuwa katika msimu wake kamili wa 20. Ameshinda Daytona 500 mara 3. Hakuna dereva katika historia ya mchezo huo aliyeshinda mbio nyingi kama yeye bila kupata ubingwa hata mara moja. Siku ile Phoenix aliongoza mizunguko 208. Kyle Larson, aliyekuwa akiwania naye, hakuongoza hata mmoja. Ikabaki mizunguko 3. Mitatu tu. Tairi la William Byron, naye mmoja wa wale 4, likapasuka, gari likagonga ukuta, bendera ya njano ikatoka.

Bendera ya njano ikitoka magari yote yanapunguza mwendo na kujipanga upya, na faida uliyoitafuta mchana kutwa inafutika. Madereva wakaingia kwa mafundi wao. Mafundi wa Hamlin wakabadilisha tairi 4, wa Larson wakabadilisha 2. Tairi mpya 4 zinashika lami vizuri zaidi, lakini kuzifunga kunachukua muda, na kila sekunde pale kwa mafundi ni nafasi unayoipoteza kwenye foleni. Hamlin akarudi barabarani akiwa nyuma ya Larson, na zilibaki mbio fupi mno kuweza kuwapita watu. Larson alimaliza wa 3, Hamlin wa 6. Ubingwa ukaenda kwa Larson, wa pili kwake baada ya ule wa 2021.

Mtu aliyejifunza mchezo huu kwa chupa za dawa juu ya sinia, na mwalimu wake amezikwa bila yeye kuwepo, akaona hayo yote kwa dakika chache, asipolia nitamshangaa.

Tena nikwambie jambo ambalo huenda mzee alikugusia. Watu wa mchezo huu wanajua kuomboleza. Si mbali na hapo ulipo kuna Kannapolis, alikozaliwa Dale Earnhardt, na sanamu yake imesimama pale mjini. Alikufa Februari 18 mwaka 2001, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500. Gari lake lilikuwa namba 3. Msimu ule wote uliobaki, kila mbio zilipofika mzunguko wa 3, mashabiki walisimama wakainua vidole vitatu, na watangazaji wa televisheni wakanyamaza mpaka mzunguko ule uishe. Wengi wao hawakuwahi kumpa mkono Earnhardt maishani mwao. Lakini walikuwa na Jumapili zao, na baba zao waliowafundisha kumshangilia, na wengine baba hao walikuwa wameshafariki. Hakuna aliyewaambia kwamba wanamlilia mtu asiyewajua. Ukienda ukawasimulia watu wa namna hiyo habari yako na mzee, watavua kofia.

Sasa tuje kwa mumeo, maana hapo ndipo nina neno zito kidogo.

Amekosea kucheka. Lakini mtazame na yeye. Ametoka chumbani na moyo mkononi akidhani mama mkwe amefariki, akaambiwa ni gari. Amemwona mkewe anaomba ruhusa kazini aangalie mbio za magari, na kuna kofia ya mwanamume imefichwa kabatini. Hajui kuna mzee aliyekufa! Ukimpima mtu kwa jambo asilolijua, unamwonea. Siwezi kumlaumu zaidi ya hapo mpaka umemwambia.

Umeniambia mmekatazwa kazini. Sheria hizo nazifahamu na ni nzuri, zinalinda heshima ya mgonjwa. Usimtaje jina, usitaje maradhi yake, wala mtaa anaokaa. Lakini hakuna sheria inayokukataza kumwambia mume wako, "Mzee niliyekuwa namtunza amefariki Septemba, nilimpenda, na sikwenda kumzika." Machozi yako si siri ya ofisi. Mwambie jioni watoto wakishalala, televisheni ikiwa imezimwa. Toa ile kapelo kabatini uiweke mezani. Mweleze habari ya chupa za dawa, mwonyeshe hata kwa vikombe. Usianze kwa kumdai radhi kwa kile kicheko, hiyo itakuja yenyewe akishasikia. Na asiposema kitu usiku ule, mwache. Wanaume wengi jambo la namna hii hulijibu baada ya siku mbili, tena wakiwa wanafanya shughuli nyingine.

Kuhusu kapelo yenyewe: ofisi nyingi za kazi yenu zina masharti juu ya zawadi kutoka kwa familia ya mteja. Kofia ya zamani haina thamani ya fedha, lakini kitu kilichofichwa kinaweza kuelezwa vibaya na mtu mwingine kabla hujakieleza wewe. Mwandikie msimamizi wako mistari miwili, kwamba binti wa marehemu amekupa kofia ya baba yake kama kumbukumbu, umeipokea, unawajulisha. Baki na nakala.

Zamu za Jumapili usiziache. Hapa sitakubembeleza. Ukizikataa zote kuanzia Februari hadi Novemba utakuwa umejiondoa kwenye ratiba kwa msimu mzima, na watoto wawili wanakula kila siku. Chagua mbio chache unazozitaka kweli, omba ruhusa mapema, badilishana na wenzako. Nyingine utazisikiliza kwenye simu ukiwa unapika. Yapo na mashindano machache ya Jumamosi usiku.

Na pesa ya bati usiiguse. Mama yako anasubiri paa kabla ya masika, na masika ya Tanga unayajua. Mtoto wako mwenyewe akija kukuuliza miaka ijayo kwa nini bibi alilowana mwaka ule, hutakuwa na jibu litakalokuridhisha. Fainali iko mbali, ndege na hoteli vitamaliza akiba yako, na kwa hali uliyonayo gari likishindwa tena utarudi na uchungu wa mambo mawili. Karibu na kwenu, Concord, kuna uwanja wa Charlotte. Mwishoni mwa Mei, Jumapili ya kuamkia Memorial Day, sikukuu ya Wamarekani ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, ndipo panapokimbizwa Coca-Cola 600, maili 600, mizunguko 400, ndizo ndefu kuliko zote za msimu. Zina hatua 4 badala ya 3, kwa hiyo ratiba yenu ya vidonge na supu ingewavuruga. Siku hiyo juu ya kioo cha mbele cha kila gari huandikwa jina la mwanajeshi aliyekufa akiitumikia nchi, na familia zao hualikwa uwanjani. Ukitaka kumkumbuka mzee wako mbele ya watu wanaoelewa, nenda siku hiyo. Weka dola chache kila wiki kuanzia sasa, pembeni kabisa na za mama. Nunua tiketi mbili kama mumeo atakubali, na nadhani atakubali.

Umesema mazishini hukufika. Muulize binti wa mzee kaburi liko wapi. Nenda siku yako ya mapumziko, kaa pale kadiri unavyotaka, na kama ni mtu wa sala, sali. Kama ni wa kuzungumza, mweleze mzee ushindi wa 60 ulivyokuwa. Hakuupata kwa mdomo wa mtu, na wewe ulikuwa umebeba salamu hiyo tangu Oktoba.

Mwisho ule mwaliko. Mwanangu, mjibu dada wa watu! Anakusubiri. Yeye naye amebaki na kiti cha baba yake na televisheni, na katika dunia nzima wewe ndiye mtu mwingine pekee anayejua kwamba hatua ya pili ikiisha ni saa ya supu. Hakualika mfanyakazi wa ofisi, huyo kazi yake ilishakwisha. Amemwalika aliyekuwa na baba yake Jumapili. Kwa usalama wako, katika ile barua ya msimamizi ongeza mstari kwamba familia imekualika nyumbani baada ya kazi kwisha, uulize kama kuna pingamizi. Sidhani kama litakuwepo, ila uliza.

Nenda na mumeo. Usiende mikono mitupu, wapikie sambusa, ni chakula cha kula mtu macho yakiwa kwenye mbio. Mwambie mumeo asijifanye anaelewa, aulize. Wenyeji wa mchezo ule hupenda sana kufundisha, na mbio za Daytona ndizo ambazo habari ya gari kuvutwa na upepo wa mwenzake huonekana wazi kuliko kwingine kote. Na wewe ukilia, lia. Binti yake atakuwa analia pia.

Niandikie baada ya Februari unieleze ilikuwaje. Ile barua ya ofisini iandike kabla ya Jumatatu.

Shangazi