Kabla ya kusema majaji wamekula hongo, angalia karatasi ya kila raundi

Mkuu, umeuliza inawezekanaje Johny Hendricks amchakaze vile bingwa Georges St-Pierre kwenye pambano la UFC (MMA, yaani ngumi, mateke na mieleka pamoja), Las Vegas, Novemba 2013, halafu mkanda ubaki kwa St-Pierre. Ukamalizia kwamba majaji walikula. Tuanze na karatasi zao.

Majaji wote watatu walikubaliana kwenye raundi nne: ya 2 na ya 4 za Hendricks, ya 3 na ya 5 za St-Pierre. Ubishi ulibaki raundi ya 1 tu. Wawili walimpa St-Pierre, mmoja Hendricks, ikawa 48-47 mara mbili na 47-48. Uso uliovimba mwisho wa pambano hauna pointi zake. Kila raundi inahesabiwa peke yake: mshindi 10, mwenzake 9, hata akizidiwa kwa ngumi mbili tu. Ndiyo maana mtu anaweza kutesa raundi mbili, akapoteza tatu kiduchu, akashindwa pambano. Mashabiki wengi hapa Dar tunapima pambano zima, kisha tunaona tumeibiwa.

Dawa ya hilo ipo, nayo ni 10-8, yaani aliyezidiwa sana kwenye raundi anapewa 8 badala ya 9. Vigezo vilivyoanza kutumika Januari 2017 vinamtaka jaji aangalie madhara, utawala na muda. Mtu akipepesuka mara mbili halafu akamaliza raundi anajikinga tu, hiyo si 10-9. Majaji wengi bado wana mkono mzito kuitoa, na kwa maoni yangu hilo linaharibu matokeo mengi kuliko hongo.

Vigezo vina ngazi pia. Kwanza ni matokeo ya mapigo na mieleka. Ukali wa kushambulia unaangaliwa pale tu hapo kwanza wakiwa sawa kabisa, na kutawala eneo ndiyo mwisho. Kwa hiyo anayemwangusha mwenzake na kumlalia dakika mbili bila ngumi wala jaribio la kabali hajavuna kitu cha maana. Jaji akimpa raundi kwa hilo, lalamika, una haki.

Upendeleo nao upo, sikatai. Juni 2014, Albuquerque, Diego Sanchez alipigana nyumbani kwao na Ross Pearson. Jaji mmoja alimpa Sanchez 30-27, mwingine akampa Pearson 30-27. Pambano lile lile! Ukumbi ukilipuka kila teke la mwenyeji, hata lililoishia kwenye mkono, sikio linamdanganya jicho. Na majaji huketi pande tofauti; nguzo au mgongo wa mwamuzi ukimziba mmoja, anategemea skrini aliyowekewa.

Jumapili alfajiri ukiangalia, zima sauti, maana watangazaji wanakuchagulia mshindi. Andika pointi zako kengele ikilia, kabla ya marudio, na usirudi kuzifuta. Kwa kila raundi jiulize: nani aliumizwa zaidi? Idadi ya mapigo inayoonyeshwa kwenye runinga isikutawale, kwani jebu jepesi na ngumi iliyomlegeza mtu magoti zote zinahesabiwa moja. Raundi iliyokaribiana iwekee alama ya kuuliza. Zikiwa na alama hiyo mbili au zaidi, uamuzi wa majaji kugawanyika si ajabu. Jaji akikosea raundi isiyo na alama, hapo tuna kesi.

Hiyo raundi ya 1 ya Hendricks itazame upya hivyo, uje na pointi zako tubishane.