Skrubu haichezi mpira: kwa kijana wa Uvinza na wote mnaoniuliza kuhusu goti

Juzi kijana mmoja wa Uvinza kanitumia meseji ndefu, anacheza winga, kakata ACL, ile ligamenti (kamba inayofunga mfupa na mfupa) ya katikati ya goti, na daktari kamwambia za kushikia ligamenti mpya kuna skrubu za titaniamu na kuna zile za kuyeyuka, sasa anauliza "dada ipi nichukue, za kuyeyuka bei iko juu na za chuma mtaani wanasema zinapata kutu". Nilicheka peke yangu, mana na mimi niliambiwa hivohivo pale sokoni Mwanga na watu ambao hawajawahi kuchanika hata goti la suruali. Titaniamu haipati kutu mwilini jamani. Tumalize hilo kwanza.

Mimi nilikuwa senta wa netiboli, na sio senta wa kujazia nafasi, waliowahi kuniona Kigoma wanajua. Netiboli inataka ukidaka mpira ukatua usimame hapohapo, huna ruhusa ya kukimbia nao, kwa hiyo goti ndo linabeba breki zote. Siku hiyo nikatua, mguu ukagoma chini, mwili ukageuka, goti likaingia ndani, nikasikia "ko". Kabla ya magharibi lilikuwa limevimba kama limejazwa upepo. Goti likivimba haraka hivo baada ya kujizungusha mara nyingi ni damu imejaa ndani, na ACL ndo mshukiwa namba moja. Na sisi wanawake tunaikata zaidi ya wanaume kwenye michezo inayofanana, kwa hiyo mabinti wa netiboli sikilizeni.

Bibi mmoja Ujiji alinikanda na mawese mpaka nikalala usingizi. Uvimbe ulishuka kweli, namshukuru mpaka leo, ila ligamenti ile iko katikati ya goti imezungukwa na maji ya goti, damu haikai pale ikaganda na kuunga, ndo mana ikikatika yote kwa kawaida haijirudishi yenyewe. Nilikuwa natembea vizuri tu barabarani, ila nikigeuka ghafla goti linachomoka. Kuna watu wanaishi hivo na mazoezi yanawatosha, hasa kama hawachezi michezo ya kugeukageuka. Mimi senta ningeishije hivo?

Habari za rufaa, kutafuta hela na safari ya Dar naziruka, kila mtu wa mwisho wa reli, yaani Kigoma, anazijua.

Sasa skrubu. Daktari haungi ile iliyokatika, mara nyingi anatengeneza nyingine. Kwangu alichukua kano, yaani kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, za nyuma ya paja, akazikunja zikawa nene, akatoboa tundu kwenye mfupa wa muundi na lingine kwenye mfupa wa paja, akapitisha. Swali linakuja, hiyo kano inashikwa na nini? Upande wa paja nimewekewa kibati kidogo cha titaniamu, hivi vinakuwa na urefu wa kama milimita 12, kina kitanzi cha uzi mgumu. Kinapita kwenye tundu kikiwa kimelala kwa urefu, kikitokeza nje ya mfupa kinageuzwa kinakaa mtambuka, basi hakirudi tena, na kano inaning'inia kwenye kitanzi. Upande wa chini ikapigwa skrubu inayoibana kano kwenye ukuta wa tundu. Wengine wanachukuliwa kano ya mbele ya goti ikiwa na vipande vya mfupa pande zote mbili, hao mara nyingi wanapigwa skrubu juu na chini, na kwa sababu ni mfupa unakutana na mfupa inashika mapema zaidi.

Za kuyeyuka ni aina ya plastiki ambayo mwili unaimeng'enya taratibu, inaweza kuchukua mwaka au miaka kadhaa. Uzuri wake haiharibu picha ya MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili, titaniamu ni salama humo lakini picha karibu na chuma inavurugika. Ubaya wake inaweza kupasuka wakati inakazwa, na wengine mwili unaikasirikia pale ilipokaa. Zote mbili zinafanya kazi. Kwa hiyo mdogo wangu usiuze shamba kwa ajili ya skrubu, chukua ile ambayo daktari wako ameizoea, mana tundu likitobolewa sehemu isiyo yake hakuna skrubu itakayokuokoa.

Na hapa ndo nataka mnielewe. Hivi vyuma ni kama mirunda chini ya slabu, kazi yake ni kushikilia mpaka zege likaze. Mfupa unahitaji wiki kama 6 mpaka 12 kuishika ile kano, na katika kipindi hichohicho kano yenyewe ndo iko dhaifu, mana imekatwa kutoka kwenye damu yake na inasubiri mishipa mipya iote. Balaa ni kwamba maumivu yanakuwa yameshaisha! Unajiona mzima, magongo umeshatupa, washkaji wanakuita uwanjani.

Mimi kiongozi mmoja wa timu alinipigia kipindi hichohicho, hajawahi kuuliza hali tangu niumie, anasema "si umewekewa chuma, njoo ucheze hata robo moja". Nikakataa. Jezi yangu ikapewa mtu kesho yake bila hata meseji. Bado inaniuma na sitajifanya haiumi. Vijana wa Kigoma, timu haina goti, goti unalo wewe! Kiongozi hatakuja kukushika mkono kupanda ngazi ukiwa na miaka 50.

Kwa hiyo: kwanza nyoosha goti mpaka mwisho, hiyo ni wiki za mwanzo, ukichelewa linagoma. Alafu rudisha paja, lile linasinyaa mpaka unalionea huruma. Mazoezi, mazoezi, mazoezi. Usirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, kuna utafiti wa Norwei wa 2016 ulionyesha kila mwezi unaosubiri mpaka huo wa 9 unapunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Na miezi peke yake haitoshi, mguu ulioumia ufikishe angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu na kwa kuruka mguu mmoja. Fizio wangu, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinipimia kwa futi kamba kwenye korido, wagonjwa wanashangilia. Nilipitisha, na msimu uliofuata nikacheza senta timu nyingine.

Karatasi ya operesheni usiiache hospitali. Iandikwe umewekewa nini, saizi gani, upande upi, mana siku ikibidi kufunguliwa tena daktari mwingine ataanzia hapo, na ukishaipata ipige picha umtumie na mama.