Makala ya video bila msimulizi inawezekana? Majibu yangu

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye kamera moja, asiye na timu wala hela ya kumlipa msimulizi, anaweza kutoa makala ikaeleweka. Mimi swali hilo nilijibiwa na mtengeneza filamu wa Kiitaliano aliyefariki 2011, Vittorio De Seta wa Palermo.

Nilikuwa nashuti harusi Tanga. Taasisi moja ikanipa kazi ya makala ya dakika kumi kuhusu wavuvi wa ngalawa. Picha zilitoka safi, kisha wakaleta maandishi kurasa nne yasomwe juu yake. Msimulizi alianza sekunde ya kwanza, akanyamaza majina ya wafadhili yalipoanza kupanda. Nilipowaonyesha wavuvi wenyewe, mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayesema ni nani? Mbona sisi hatusikiki?" Nilibaki nafungasha nyaya.

Baadaye rafiki akanitumia makala ya De Seta, Lu tempu di li pisci spata ya 1954. Wavuvi wa samaki upanga katika mlango wa bahari wa Messina, baina ya Sicily na Calabria. Mtu kapanda juu ya mlingoti anatafuta kivuli majini, anapiga ukelele, makasia yanakaza, mwenye chusa kasimama omoni. Msimulizi hakuna. Kisicilia sijui hata neno, lakini nilijua lini samaki kaonekana na lini kawapotea.

Enzi hizo Italia makala fupi zilitangulia filamu kubwa kwenye majumba ya sinema, kiasi cha dakika kumi, na desturi ilikuwa sauti ya bwana mmoja anayekufundisha unachokiona. De Seta aliitupa. Kati ya 1954 na 1959 alitengeneza makala kumi za rangi: wachimba salfa, volkano ya Stromboli, wachungaji wa Orgosolo kule Sardinia. Kamera kashika mwenyewe, mkewe Vera Gherarducci akimsaidia. (Tusidanganyane, alitoka ukoo wa kitajiri. Mimi na wewe betri tunaazima.)

Siri iko kwenye sauti. Alirekodi kwa tepu, mbali na picha: nyimbo, upepo, makelele ya kazi, kisha akavisuka wakati wa kuhariri. Basi nikarudi kwa wavuvi wale wale, siku mbili za kwanza bila kamera kabisa. Simu nimeivisha soksi kuzuia upepo, narekodi tu: kelele za kushua ngalawa alfajiri, mkwaruzo wa upo wa kutekea maji, tanga likipigapiga, watu wakitaniana. Siku ya tatu nilipobeba kamera, nilishajua nini cha kufuata. Ukishasikia pumzi za watu wanaosukuma ngalawa, utapiga picha za mabega na miguu kwenye mchanga; utaacha kuhangaika na machweo. Na usikate kazi katikati. Mtu akianza kuvuta kamba, baki naye mpaka amalize, hata mkono ufe ganzi.

Sehemu moja sikubaliani na De Seta. Katika makala zake huoni tajiri wa chombo wala mgawanyo wa mapato. Jasho linapendeza mno. Kwa wavuvi wangu hilo ndilo walilolizungumza kutwa. Niliweka mistari mitatu ya maandishi: chombo cha nani, mwenye chombo anachukua ngapi, kinachobaki wanagawana wangapi. Mzee yule alipoiona makala hiyo ya pili akacheka, kisha akasema fungu la mwenye nyavu nimelisahau. Nikaongeza mstari wa nne.

Ukitaka kuanza, tafuta Contadini del mare ya 1955, uvuvi wa jodari, halafu I dimenticati ya 1959. Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu kule Italia, wamezikarabati, kwa hiyo usihangaike na nakala mbovu. Na vaa hedifoni. Kwa spika ya simu utaona picha tu.