Kwa nini Mutombo alitunukiwa mara nne bila kufunga sana

Ndugu, umeuliza mchezaji wa mpira wa kikapu Dikembe Mutombo alipataje tuzo ya mlinzi bora wa NBA, ligi kuu ya Marekani, mara nne (1995, 1997, 1998, 2001) ilhali wastani wake wa miaka yote ya uchezaji haukufika hata pointi 10 kwa mchezo. Tuzo ile hupimwa kwa ulinzi, na hapo alikuwa ukuta hasa: alizuia mitupo 3,289, wa pili katika historia ya ligi nyuma ya Hakeem Olajuwon mwenye 3,830.

Urefu peke yake hautoshi. Mpira ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni, ukiugusa pointi zinahesabiwa. Lazima uupige ungali unapanda, bila kugonga mkono wa mtupaji. Wengi huruka mapema, wanadanganywa na kuishia na faulo.

Tazama mfululizo wa mtoano wa 1994, timu yake Denver dhidi ya Seattle: mitupo 31 aliizuia katika michezo 5, na timu ya nafasi ya nane ikaing'oa ya kwanza kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi. Kwangu huo ndio ulinzi wake mkubwa kuliko hata fainali ya 2001. Goti ndilo lililomstaafisha, akiwa na timu ya Houston, Aprili 2009.