Nyigu juu ya mlango wa jikoni, jirani anasema nimwage petroli

SWALI: Habari fundi. Niko Morogoro, Kihonda. Juu ya mlango wa jikoni, pale bati linapokutana na fisha bodi, nyigu wamejenga na kiota sasa hivi kinakaribia ukubwa wa kisosi. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka 6 alikuwa anacheza mpira ukagonga pale wakamuuma sikioni na shingoni, sikio lilivimba siku mbili. Jirani anasema nimwagie petroli usiku au niwachome na mwenge. Pia sebuleni nyuma ya pazia kuna vijumba vya udongo ukutani, sijui ni hao hao? Nitumie dawa gani na nifanyeje wasirudi? Halafu kuna vidio zinazunguka za mavu wakubwa wanaoua watu, huku kwetu wapo?

JIBU: Pole sana dada yangu, na mtoto mpe pole, sikio likiumwa na nyigu linawaka usiku kucha. Ntaanza na petroli kabla ya kitu kingine chochote manake jirani ameshakushauri na anaweza akaja leo leo na kidumu mkononi. Usikubali. Sio petroli, sio dizeli, sio mafuta ya taa, sio mwenge. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini, na chini ya hicho kiota ni mlango wa jikoni ambako kuna gesi au mkaa. Juu yake kuna mbao za kenchi zilizokauka miaka na nyaya za umeme zinapita darini. Nilishaitwa nyumba moja kule Chanika, nyigu walikuwa kwenye banda la jiko la makuti, mwenye nyumba hakuweza kunisubiri mpaka asubuhi akawasha mwenge. Nilipofika nikakuta majivu na sufuria zimeyeyuka, na kwenye nguzo iliyoungua nyigu waliobaki wamejikusanya pamoja wanatafuta kiota chao. Banda limeisha na nyigu wapo. Kwa hiyo kidumu hicho kirudi kwa jirani.

Sasa tuwaangalie wenyewe. Simama mbali, hatua sita saba hivi, angalia mchana. Kama kiota kiko wazi, unaona matundu yake yameelekea chini kama sega la asali lakini rangi ni ya kijivu kama karatasi iliyolowa ikakauka, na kimening'inia kwa kikonyo kimoja chembamba, basi hao ni nyigu wa karatasi, ndio wengi wetu tunaishi nao. Hiyo karatasi wanaitengeneza wenyewe, wanakwangua mbao kavu, uzio, mlango wa zamani, wanatafuna na mate. Matundu mengine utaona yamezibwa na kifuniko cheupe, humo ndani mtoto anageuka kuwa nyigu mkubwa. Ukisogea zaidi utaona wamesimama, wananyanyua mabawa na kukugeukia wote kwa pamoja. Hilo ni onyo, rudi nyuma taratibu, usipunge mikono. Nyigu hawa hawakufuati sokoni kukuuma, wanalinda kiota tu, mpira wa mtoto kwao ulikuwa ni shambulio. Na tofauti na nyuki, mwiba wa nyigu haubaki kwenye ngozi, ndio maana mmoja anaweza kuuma mara mbili tatu na akaruka zake.

Lakini kama unachokiona ni wadudu wengi wanaingia na kutoka kwenye tundu moja la ukuta au dari, hakuna sega linaloonekana, na ukiweka sikio ukutani usiku unasikia mvumo, hao ni nyuki na hapo usiguse kabisa. Nyuki wetu wa Afrika wakichokozwa wanatoka mamia kwa mamia na wanafukuza mbali. Tafuta mrina asali au afisa nyuki wa wilaya, na kama wameshaanza kushambulia watu piga Zimamoto 114. Ukiwapulizia nyuki dawa ya kopo unawachokoza tu, na hapo ndipo wanaposhambulia watu na mifugo.

Vijumba vya udongo vya sebuleni sio hao hao. Huyo ni nyigu wa udongo, wengine wanamwita dondora, majina yanategemea umekulia wapi. Anaishi peke yake, jike mmoja anabeba tope kwa mdomo anajenga vyumba vidogo. Hana kundi la kulinda, ni nadra sana kumuuma mtu labda umbane na mkono. Juzi nimebandua kimoja kwa mteja nikakivunja kiganjani: kila chumba kimejaa buibui wadogo, wamepangwa wamebanana, miguu ya wengine inacheza cheza bado manake hawajafa, wamechomwa sindano ya kupoozesha ili lava, yaani mtoto wa nyigu, akianguliwa ale nyama mbichi. Huyo chukua kisu cha kupakia siagi au spachula, kwangua, futa na kitambaa chenye maji, imeisha. Hela ya dawa usipoteze. Kitu kimoja tu umkague nacho: anapenda kuziba matundu. Angalia bomba la maji ya AC, bomba la kumwagia maji ya ziada la simtanki, na tundu lolote la hewa kwenye hita ya gesi kama unayo. Nimeshakuta AC inavuja sebuleni fundi ameshabadilisha mpaka gesi, kumbe tope la nyigu limekaa ndani ya bomba la nje.

Turudi kwa wale wa mlangoni. Mtu mzima wa pili lazima awepo, kama mume yuko safari mwombe ndugu au jirani huyo huyo wa petroli, na mtu yeyote ambaye nyigu alishamletea shida ya kupumua asishiriki kabisa. Kazi inafanyika usiku, saa mbili au tatu, karibu wote wakiwa wamerudi kwenye kiota na ubaridi umewatuliza. Taa ya nje ya mlango izimwe nusu saa kabla. Tochi usiishike mkononi unamulika kiota, wakishtuka wanafuata mwanga na mwanga ni wewe. Iweke pembeni chini, mbali na unaposimama, na funga karatasi nyekundu ya plastiki juu ya kioo chake, wadudu hawa mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Vaa suruali nzito, shati mbili za mikono mirefu, buti, glavu, kichwani kofia pana na neti ya mbu juu yake uichomeke kwenye kola. Mikono ya shati na miguu ya suruali funga na mpira, nyigu akiingia ndani ya nguo anauma mpaka uivue.

Ngazi hapana. Nasema kwa sababu watu wengi nyigu hawawaumizi sana, wanaoumia ni wale wanaoruka kutoka kwenye ngazi. Simama chini, sio chini ya kiota moja kwa moja bali pembeni, upepo ukupitie mgongoni, na njia ya kukimbilia iwe imeshafunguliwa.

Kwa kiota cha kisosi una njia mbili na zote zinafanya kazi. Ya kwanza ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko vikubwa vitatu vinne kwenye lita moja ya maji, tumia bomba la mkono la kupampu linalorusha maji mbali, sio ile chupa ya kunyunyizia pasi. Sabuni inayafanya maji yapenye kwenye vitundu vya pembeni ya mwili ambavyo nyigu anapumulia, anaanguka ndani ya dakika moja mbili. Lazima uwaloweshe haswa, ukinyunyiza kidogo umewachokoza tu. Ya pili ni sprei ya kopo ya wadudu warukao na watambaao, zile zenye dawa jamii ya pairethroidi, soma kwenye lebo utakuta sipamethrini, pamethrini, deltamethrini. Hizo zinawaangusha haraka zaidi. Pulizia mfululizo sekunde kumi hivi ukilenga kwenye sega, ondoka, funga mlango, usirudi kuangalia mpaka asubuhi. Jiko liwe limezimwa kabisa, kopo la sprei na moto ni mlipuko.

Dawa nunua yenye lebo, yenye namba ya usajili wa TPHPA, yaani ile mamlaka ya viuatilifu iliyochukua kazi za TPRI, taasisi ya zamani ya viuatilifu. Ile unayopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa dukani, hujui ni nini, nyingine ni dawa za shambani za pamba na mahindi ambazo hazikutengenezwa kupuliziwa juu ya mlango wa jiko unakopikia watoto. Chupa hizo pia watoto wanazinywa wakidhani ni maji, na hili linaniuma sana kila nikiliona.

Na kitu ambacho watu wanasahau: gata huwa imefungwa kwenye fisha bodi. Kama gata yako inapeleka maji ya mvua kwenye simtanki, chomoa bomba la kuingilia kabla hujapuliza, na mvua ya kwanza iache imwagike nje ioshe bati ndio urudishe. Vyombo vya kuku vya maji na chakula viondoe, bwawa au tanki la samaki lifunike, dawa hizi samaki anakufa kwa kiasi kidogo sana. Paka pia mfungie mbali, pamethrini kwake ni sumu.

Asubuhi ukiona kimya, chukua fimbo ndefu au mpini wa ufagio angusha kiota, kitie kwenye mfuko ufunge. Usikiache juu hata kama kimekufa, ndani ya vile vifuniko vyeupe kuna wanaoendelea kukua, dawa ya juu juu haiwafikii, na baada ya siku chache wanatoka. Halafu kwangua na kile kikonyo chote, sugua mbao kwa maji ya sabuni, ikikauka paka rangi ya mafuta. Mbao tupu isiyopakwa rangi kwao ni kiwanja na ni malighafi ya ujenzi. Mianya kati ya bati na ukuta ziba na wavu wa chuma wenye matundu madogo.

Kuhusu kutorudi, hakuna dawa ya kupulizia mara moja ukasahau mwaka mzima, anayekuuzia hiyo anakudanganya. Kinachofanya kazi ni macho. Kiota kinaanza na jike mmoja au wachache na vitundu vitatu vinne, ukubwa wa kifuniko cha soda. Ukifagia nje Jumamosi inua kichwa uzunguke nyumba mara moja, hasa mvua zikianza maana viwavi wanakuwa wengi na ndio chakula cha watoto wao. Ukiona hicho kidogo jioni, ufagio mrefu unatosha, unakishusha unakikanyaga. Maembe yaliyooza chini ya mti okota, chupa za soda zisikae wazi. Ila kiota kilichoko mbali huko kwenye mti wa shamba ambako hapiti mtu, mimi huwa namshauri mteja akiache, wanamalizia viwavi kwenye mchicha na mahindi bure.

Mtoto akiumwa tena, osha kwa sabuni, barafu kwenye kitambaa dakika kumi, dawa ya mzio kama setirizini kwa kipimo cha umri wake. Kuvimba pale pale siku mbili tatu ni kawaida. Lakini akivimba midomo au ulimi, akatoka vipele mwili mzima, akakohoa au kupumua kwa shida, akatapika, akalegea, hizo ni dakika sio masaa, mpeleke hospitali wampige sindano ya adrenalini, usisubiri bodaboda unayemjua. Na akiumwa ndani ya mdomo au kooni mpeleke hata kama hajaonyesha dalili, vivyo hivyo akiumwa mara nyingi kwa wakati mmoja.

Wale wa kwenye vidio ni mavu wakubwa wa Asia, waligunduliwa jimbo la Washington Marekani mwaka 2019 na Desemba 2024 ikatangazwa kwamba wametokomezwa kule. Kwetu hawapo. Ndugu zetu walioko Omani ndio wana mavu wao, wa kahawia wenye mkanda wa njano, wanajenga ardhini na ndani ya kuta, na kwa hao haya niliyokueleza ya kopo na ufagio wasijaribu, waite watu wa kazi.

Usiku ukishamaliza, mtoto acheze mpira upande wa mbele kwa siku mbili hivi, manake wale waliolala nje usiku huo watarudi asubuhi, watazunguka zunguka mlangoni wanatafuta kiota, wakikikosa wataondoka wenyewe.